IST iliyokuwa inazima kila ikisimama, na laki nne zilizoishia kwenye injini isiyo na kosa

Mwezi uliopita nililetewa Toyota IST ya mwalimu mmoja wa sekondari, NCP61 ya mwaka 2004, injini 1NZ-FE ile ya 1.5, otomatiki ya gia 4, na maelezo yake yalikuwa sentensi moja tu: "fundi, ikitembea haina shida yoyote ila nikisimama tu inazima". Hiyo sentensi kila fundi wa Dar ameshaisikia, na kwa sababu tumeisikia sana basi wengi wetu tunakuwa na jibu kabla hata boneti haijafunguliwa, utasikia throtobodi (mlango wa hewa ya injini) chafu hiyo, au pampu imechoka, au sailensi (mizunguko ya injini ukiwa hujakanyaga mafuta) iko chini. Naandika hiki kisa kwa urefu kwa sababu jibu halikuwa lolote kati ya hayo, na kwa sababu huyu mama alikuwa anaendesha kitu cha hatari kila siku asubuhi na hakuna aliyemwambia.

Kwanza historia manake ndo yenye uzito. Gereji ya kwanza walimbadilishia plagi zote 4 kwa elfu 80, wakamwekea pampu ya mafuta ya mtumba elfu 90, wakaosha nozeli elfu 40. Gari ikakaa siku mbili tatu vizuri (au aliona hivyo kwa sababu zilikuwa siku za likizo, hakuingia kwenye foleni) ikarudia. Gereji ya pili wakasema ni ISC, ile valvu inayopitisha hewa ya sailensi pembeni ya throtoli, wakamletea ya mtumba kutoka kwenye maduka ya spea ya Gerezani elfu 70, wakasafisha throtobodi elfu 30, na mwisho fundi akamwambia "nimekupandishia sailensi mama, haitazima tena". Ufundi wa kote kuwili jumla laki na elfu 10. Piga hesabu hapo ni 420,000, na gari inazima vilevile, tena sasa ikizima inazima kwa kutetemeka zaidi.

Kilichomfanya aje kwangu ni siku moja anashuka Kimara kuja Ubungo, asubuhi, mbele foleni imesimama, akakanyaga breki kawaida tu, injini ikazima, pedali ikawa ngumu kama anakanyaga ukuta, steling nzito, ikabidi asimamishe kwa miguu yote miwili. Alisimama nusu mita nyuma ya daladala. Aliponisimulia sauti ilikuwa bado inamtetemeka, nikamwambia mwalimu hii gari kuanzia leo haitoki hapa mpaka tujue.

Sasa maswali. Mi nina tabia ya kumkalisha mteja chini dakika 10 kabla sijagusa kitu, najua wengine wanaona ni kupoteza muda lakini mwenye gari ndo aliyekuwepo kila ilipozima, wewe hukuwepo. Nikamuuliza inazima ikiwa baridi au imepata moto? Akasema zote ila moto zaidi. Ukiwasha AC? Zaidi. Ikiwa imesimama nyumbani kwenye P umeiacha inaunguruma inazima? Hapana, hata nusu saa haizimi. Ukiwa unatembea taratibu kwenye foleni bila kusimama? Hapana. Kuna kitu kingine chochote kwenye gari kinachokusumbua hata kama unaona hakihusiani? Hapo akafikiri kidogo akanitajia vitu vitatu ambavyo nilivisikia kabisa na nikashindwa kuviunganisha hapohapo, na hilo ntalisema mbele. Alisema asubuhi akitaka kutoa P kwenda D injini inatetemeka kidogo kabla hata hajaingiza gia. Alisema breki zilianza kuwa ngumu tangu mwaka jana, akaenda kwa fundi breki akauziwa pedi, ugumu haukuisha akauzoea. Na alisema maji ya breki yanapungua, mdogo wake humwongezea.

Unaona hapo? Breki alilalamika kwa fundi breki, kuzima akalalamika kwa fundi injini, maji ya breki hakulalamika kwa mtu kabisa. Kila mmoja alipewa kipande chake.

Nami nilianza vibaya, sina sababu ya kuficha. Niliposikia haizimi kwenye P, haizimi ikitembea, inazima tu ikisimama ikiwa kwenye D, kichwa changu kikaenda moja kwa moja kwenye lokapu ya gia boksi. Kwa wasiojua, otomatiki ikishafika mwendo fulani inajifunga ndani ya konveta (kile kinachounganisha injini na gia boksi) ili injini na gia zizunguke kitu kimoja bila kuteleza, na ukipunguza mwendo lazima ijifungue, ikigoma kujifungua basi magurudumu yakisimama yanaisimamisha na injini, ni sawasawa na gari ya manyuo umesimama bila kukanyaga klachi. Dalili zinafanana kabisa. Nilichomoa kijiti cha oili ya gia boksi nikanusa, rangi nzuri, haina harufu ya kuungua, lakini hilo halikunizuia, nilikuwa nimeshapiga simu kuulizia bei ya solenoidi, ile valvu ya umeme inayoendesha lokapu. Kabla sijatuma hela nikasema ngoja kwanza nipime.

Nyuma ya gereji yetu kuna barabara ya vumbi ambayo mchana haina watu. Nikaenda na kijana wangu, nikafika 40 hivi, nikatia N, nikaiacha iteleze, alafu nikakanyaga breki. Ikazima. Kwenye N injini haina uhusiano na magurudumu, lokapu iwe imegoma au haijagoma haiwezi kuizima. Kwa hiyo gia boksi ikatoka kwenye orodha kwa jaribio la dakika mbili ambalo halina gharama, na mi nilikuwa karibu kumuuzia mwalimu solenoidi.

Nikarudia, safari hii nikaiacha kwenye D, nikatoa mguu kwenye mafuta, na badala ya kukanyaga breki nikawa navuta hendibreki pole pole mpaka ikasimama kabisa. Haikuzima. Ikaunguruma pale kama hamna kitu. Nikarudia mara tatu, haikuzima hata mara moja. Breki ya mguu mara tatu, ikazima mara mbili na ya tatu ikanusurika kwa kutetemeka.

Hapo ndo kila kitu kikageuka. Gari ilikuwa haizimi kwa sababu ya kusimama, ilikuwa inazima kwa sababu ya pedali ya breki. Mtu yeyote anayeendesha anaona hivi vitu viwili ni kimoja kwa sababu hakuna anayesimama bila breki, ila kwa injini ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tukarudi kivulini, nikaiweka P, matairi yamekingwa na matofali, injini ya moto. Mshale wa mizunguko unasoma 950 hivi, ambayo kwa 1NZ ikiwa imepata moto na AC imezimwa ni juu, kawaida yake inacheza kwenye 700. Hiyo ndo ile "nimekupandishia sailensi". Nikakanyaga breki nikashikilia. Mshale ukaanguka mpaka karibu 500, gari nzima ikatikisika, ikapambana, haikuzima. Nikaachia, ikarudi 950. Nikakanyaga tena, ikaanguka tena. Ilikuwa kwenye P kabisa, hatujatembea hata hatua. Na ndipo nikakumbuka alichosema mwalimu, kwamba inatetemeka kabla hajaingiza gia, manake ili utoe P lazima ukanyage breki! Alikuwa ameshanipa jibu saa moja nyuma.

Kijana wangu nikamwambia ingiza kichwa chini ya dashibodi karibu na pedali alafu usikilize. Gari nyingi zikikanyagwa breki kuna kasauti kafupi ka hewa, fsss, kanakata. Hii ilikuwa haikati. Muda wote mguu uko kwenye pedali hewa ilikuwa inaingia kama tairi lililotobolewa.

Nieleze hapa busta ya breki, ile inayousaidia mguu wako, inavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hii sehemu huwezi tena kudanganyika na hii dalili. Busta ni lile sahani kubwa jeusi la bati lililokaa nyuma ya masta silinda (ile inayosukuma maji ya breki kwenda magurudumuni), upande wa dereva, limefungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari. Ndani yake kuna mpira mpana mwembamba, daiframu, unaoligawa vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma. Chumba cha mbele kimeunganishwa kwa mpira mnene na manifoldi ya hewa ya injini, na injini ikiwa inaunguruma throtoli imefungwa inavuta hewa kwa nguvu, kwa hiyo inanyonya hewa yote kutoka kwenye busta. Ukiwa hujakanyaga pedali vyumba vyote viwili vinapitishana, vyote vimenyonywa, hakuna anayemsukuma mwenzake. Ukikanyaga, kavalvu kadogo kanafunga njia kati ya vyumba na kanafungua chumba cha nyuma kipokee hewa ya kawaida kutoka pale kwenye pedali. Sasa mbele kumenyonywa na nyuma kuna hewa, hewa inausukuma mpira mbele kwa nguvu kubwa kuliko mguu wako, na ndo maana unasimamisha zaidi ya tani moja kwa vidole vya mguu.

Sasa daiframu ikichanika nini kinatokea? Ukiwa hujakanyaga, hamna kitu, pande zote mbili ni sawa, tundu halina la kupitisha. Injini inaunguruma vizuri, ukipima haina tatizo, ukisikiliza haina tatizo. Ukikanyaga tu, hewa inayoingia chumba cha nyuma inapita kwenye mpasuko kwenda mbele na kutoka mbele inaingia moja kwa moja kwenye injini, bila kikomo, mpaka uachie pedali. Kwa maneno mengine pedali ya breki inageuka kuwa bomba la hewa la kufungulia. Ndo maana mafundi wawili waliotangulia waliifungulia boneti gari ikiwa imepaki wakaona injini safi, na ilikuwa safi kweli.

Na kwa nini hewa ya ziada inaizima? Kwa sababu hii injini inahesabu hewa yake kwenye MAF sensa, ile iliyo karibu na eya kilina, na mafuta yanapimwa kulingana na hesabu hiyo. Hewa inayopitia busta haijapita kwenye sensa, kompyuta haijui kama ipo, mafuta yanabaki machache kwa hewa nyingi, mchanganyiko unakuwa mwembamba hauwaki vizuri. Ukiwa kwenye mwendo injini inakula hewa nyingi sana, hiyo inayovuja ni sehemu ndogo haisikiki. Ukitoa mguu kwenye mafuta na kukanyaga breki mambo mawili yanagongana wakati mmoja: throtoli imefungwa kwa hiyo mnyonyo uko juu kabisa, na hewa halali inayoingia ni ndogo kabisa. Alafu kuna hili pia, ukiteremka na mguu umetoa, kompyuta huwa inakata mafuta kabisa kuokoa, na mizunguko ikishuka inarudisha ili injini isizime. Inarudisha kwa kipimo cha hewa inayoijua. Hiyo nyingine inaikuta injini kwenye sekunde yake dhaifu kuliko zote.

Nilichomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari kuhakikisha. (Hapa niseme, zile vidude vya bluetooth vya bei ndogo mara nyingi havielewani na Toyota za soko la Japani za miaka hiyo, usishangae chako kikigoma, haimaanishi kompyuta ya gari imekufa.) Kodi za makosa hamna hata moja. Lakini angalia data inayotembea: bila kukanyaga breki, ile asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa kusikiliza oksijeni sensa (inayonusa moshi wa ekzosi) ilikuwa inacheza karibu na 2 au 3 juu. Nikikanyaga breki inapanda, 10, 15, zaidi ya 20, kompyuta inajaribu kukimbiza mafuta na haiwahi. Nikiachia inashuka tena. Taa ya cheki injini haikuwaka kwa sababu hali hiyo haikai muda wa kutosha, mtu anasimama sekunde chache, gari inazima, anawasha anaondoka. Kwa hiyo anayesema "mashine haijaonyesha kitu" alikuwa hadanganyi, ila alisoma kodi tu hakusoma data na mguu ukiwa kwenye breki. Presha ya mafuta nayo nilipima, ilikuwa 46 psi, na hii injini inatakiwa kuwa kati ya 44 na 50, na kwa dalili nilizokuwa nazo mkononi sioni kama pampu ya mwanzo ilikuwa na kosa lolote.

Uthibitisho wa mwisho: nikafunga ule mpira mnene wa busta kwa koleo nimeweka kitambaa usichanike, gari P, matofali chini, nikakanyaga breki. Mshale haukusogea hata kidogo. Pedali ngumu, ndiyo, kwa sababu msaada umekatwa, lakini injini imetulia kama iko usingizini. Nasisitiza hapa kwa nguvu zote, hili jaribio ni la gari iliyopaki TU. Nimewahi kukuta gari ambayo mtu aliziba huo mpira kwa boliti ili isizime akawa anatembea nayo mjini. Huko ni kuondoa msaada wa breki kwenye gari inayopita mbele ya shule. Usifanye, na ukimkuta fundi anataka kukufanyia chukua funguo zako.

Ilibaki valvu ya upande mmoja iliyopo kwenye huo mpira, kwa sababu nayo ikifa pedali inakuwa ngumu. Niliichomoa nikapuliza, kuelekea injini inapitisha, kuelekea busta inagoma, nzima. Na lile jaribio la zamani ambalo yeyote anaweza kufanya nyumbani: zima injini, kanyaga breki mara tano sita mpaka iwe ngumu, shikilia, washa. Busta nzima pedali inazama kidogo chini ya mguu wako. Hii ilizama kiduchu sana alafu injini ikaanza kutetemeka.

Basi tukafungua. Nati 2 za masta silinda, mpira wa mnyonyo, alafu ndani chini ya dashibodi pini ya pedali na nati 4, kazi ya kujikunja pale chini lakini siyo ngumu. Nilipovuta masta mbele kuitoa kwenye busta ndo nikaona kitu ambacho kilinifanya nisimame kwanza. Nyuma ya masta kumelowa. Nikainamisha busta, yakatoka maji ya breki, kama nusu kikombe cha kahawa, meusi. Sili ya nyuma ya masta ilikuwa imekufa muda mrefu, yanavuja yanaingia ndani ya busta ambako hakuna mtu anayeona, chini ya gari hakuna tone, kwenye matairi hakuna tone, kwa hiyo mdogo wake anaongeza tu na hawajui yanakoenda. Na yale maji yakikaa juu ya daiframu yanaulainisha mpira na kuuvimbisha mpaka unachanika.

Kwa hiyo mlolongo mzima ni huu: sili ya masta ikaanza kuvuja, maji yakapungua; daiframu ikalainika, breki ikaanza kuwa ngumu, akauziwa pedi; daiframu ikachanika, gari ikaanza kuzima, akauziwa plagi na pampu na ISC. Mwaka mzima. Na kama ningebadilisha busta peke yake nikasema nimemaliza, hiyo mpya ingekufa vilevile baada ya miezi, na kabla haijafa masta yenyewe ingeweza kumwachia pedali iende chini kabisa.

Nikampigia picha nikamtumia, alafu nikampigia simu. Nikamwambia mwalimu tatizo siyo injini, ni breki, na injini ilikuwa inakupigia kelele tu. Alinyamaza kidogo akasema "kwa hiyo siku ile Kimara..." nikamwambia ndiyo, siku ile.

Spea. Busta nilikubali mtumba kwa sababu inapimika kabla hujalipa: nilienda Gerezani na pampu yangu ya mkono ya kunyonyea, nikainyonya, nikasukuma kijiti cha pedali nikashikilia, mshale ukakaa palepale dakika nzima. Muuzaji wa kwanza alikataa nisipime, nikaondoka, wa pili akaniachia. Hakikisha pia ndani hakujalowa, ingiza kitambaa kwenye tundu la masta ukivute uangalie. Linganisha na ya kwako ukubwa na mashimo, kuna zenye ABS na zisizo na ABS usichukue kwa macho. Masta silinda mtumba mi sichukui, sijali nani anasema nini, sili zake huwezi kuziona na kilichotuua hapa ni sili. Tukachukua mpya. Busta laki na elfu 10, masta 95,000, maji ya breki DOT 3 na vitu vidogo elfu 20, ufundi elfu 60. Jumla 285,000.

Kufunga kuna sehemu moja ambayo wengi wanaruka nayo ni urefu wa kile kijiti cha busta kinachosukuma masta. Kikiwa kirefu sana masta haiachii kabisa, breki zinabana kidogo kidogo, rimu zinapata moto, na mteja anarudi wiki ijayo kusema gari nzito inakula mafuta. Kikiwa kifupi pedali inaenda chini kabla haijashika. Pima kina cha masta, pima kijiti kilivyochomoza, rekebisha, ndo ufunge. Masta mpya tuliijaza na kuitoa hewa mezani kabla ya kuifunga, alafu tukatoa hewa magurudumu yote manne mpaka maji yanatoka meupe.

Tukawasha. Kanyaga breki, fsss fupi, kimya. Mshale umesimama. Nilimwambia kijana kanyaga tena, kanyaga tena, tukawa tunaangalia mshale kama watu wanaoangalia penati.

Lakini ulikuwa umesimama 950, na hapo kazi haijaisha. Nikaangalia throtobodi, ile skrubu ya stopa inayozuia throtoli isifunge yote ilikuwa imekazwa, rangi ya kiwandani imevunjika. Hiyo skrubu imesetiwa kiwandani haikusudiwi kuwa ya kupandishia sailensi. Ukiikaza unaacha throtoli wazi muda wote, ISC inajifunga karibu yote kujaribu kushusha haiwezi, gari inakula mafuta na ukiwa kwenye D inavuta mbele kama ina haraka. Nikairudisha mpaka alama ya rangi ikalingana, nikahakikisha throtoli haigandi, nikaiacha iungurume mpaka feni ikawaka na kuzima, kompyuta ikajipanga. 700. AC ikiwashwa inapanda kidogo inatulia.

Tukaenda barabarani mi na mwalimu mwenyewe akiwa anaendesha, Morogoro Road saa 11 jioni kwenye foleni yenyewe, AC imewashwa. Nilimwambia simama kila unapotaka. Mwanzoni alikuwa anakanyaga breki huku mkono mwingine uko kwenye funguo, tabia ambayo alikuwa amejijengea mwaka mzima bila kujua, tulipofika karibu na Ubungo mkono ukawa umerudi kwenye steling.

Sasa kwa wewe ambaye gari yako inazima ikisimama na hujui uanzie wapi, usichukue kwamba ni busta kwa sababu nimesema busta. Chukua yale majaribio. Paki, weka P, ikipata moto kanyaga breki ushikilie sekunde 10. Mshale ukianguka na hewa inavuma kwenye pedali, uko kwenye kisa hiki hiki, na usiiendeshe. Mshale usiposogea, tafuta barabara tupu, simama kwa N. Ikiacha kuzima kwenye N lakini kwenye D inazima, sasa lokapu ina haki ya kushukiwa. Ikizima kwa hendibreki pia, au inazima hata imepaki AC ikiwaka, rudi kwenye throtobodi na ISC na mipira ya hewa, na hapo ile kazi ya kusafisha ya elfu 30 inaweza kuwa ndo dawa yenyewe. Ikizima ghafla kama umekata swichi, bila kutetemeka kwanza, tena hata kwenye mwendo, na inakataa kuwaka mpaka ipoe, hiyo ni hadithi nyingine, angalia kranki sensa, ile inayosoma mzunguko wa injini. Namna inavyozima ina maana kubwa, kuzima kwa kutetemeka na kuzima kwa kukatika siyo ndugu.

Na maji ya breki yakipungua jamani, yameenda mahali. Pedi zikiisha yanashuka kidogo kwa sababu pistoni zimetoka nje zaidi, hilo ni kawaida, lakini ukiwa umebadilisha pedi na bado unaongeza kila mwezi, usiangalie chini ya gari tu ukasema hakuna tone. Fungua masta uangalie nyuma yake.

Siku nilipomkabidhi niliweka kipande cha tepu kwenye kikopo cha maji ya breki, usawa wa maji yalipo, nikamwambia asiongeze kitu, kila Jumapili aangalie tu. Juzi kapita gereji anaenda kazini, nikafungua boneti. Maji yako palepale kwenye tepu.